Mwana Aliyefanywa Kioo: Riwaya ya Kiswahili, Uhakiki Wake na Mzazi Anayejiabudu

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa riwaya ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umekuwa na jibu moja kwa kila baba dhalimu anayejitokeza katika riwaya hiyo. Baba huyo, husemwa, ni ishara. Zakaria wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ni ishara ya taasubi ya kiume. Maksuudi wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, ni ishara ya tabaka la mabwanyenye lililoukalia uhuru kama mali yake. Mtemi Nasaba Bora wa Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya Ken Walibora, ni ishara ya uongozi wa Kiafrika uliowasaliti raia wake. Na pale mhakiki asipokuwa na hamu ya siasa, huwa na jibu la pili lililo fupi zaidi: malezi mabaya. Majibu haya mawili yamerudiwa mihadharani, tasnifuni na katika miongozo ya wanafunzi hadi yamekuwa kama kanuni za sarufi, ambazo mtu huzitumia bila kukumbuka kwamba kuna siku zilihitaji kuthibitishwa.

Makala haya yanayapinga majibu yote mawili. Hayapingwi kwa kuwa ni ya uongo. Zakaria ni mwanamume katika jamii inayompa mwanamume fimbo, na hakuna anayeweza kumsoma Maksuudi bila kuiona siasa. Yanapingwa kwa sababu yanamwangalia baba tu na kumsahau mtoto. Riwaya hizi, kinyume na wahakiki wake, zimejishughulisha sana na swali ambalo halijaulizwa ipasavyo: ni nini humpata binadamu anayekulia mikononi mwa mzazi ambaye ndani ya nafsi yake hamna nafasi ya mtu mwingine? Swali hilo si la siasa kwanza, wala si la adabu njema. Ni swali la nafsi, na uhakiki unaolikwepa huishia, bila kukusudia, kumtetea mzazi.

Ukali si kujiabudu

Kosa la kwanza ni la istilahi. Katika uhakiki uliozoeleka, mzazi wa riwayani hupimwa kwa mizani ya ukali: ama amezidisha fimbo, ama ameipunguza. Methali ziko tayari kuunga mkono upande wowote. Anayetaka ukali atasema samaki mkunje angali mbichi, au mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayemlaumu mzazi atasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini mizani hii haiwezi kumpima mzazi anayejiabudu, kwa kuwa mzazi wa namna hiyo anaweza kuwa mkali asubuhi na mpole jioni, mchoyo leo na karimu kesho, bila kubadilika hata kidogo. Kinachomtambulisha si kiasi cha fimbo. Ni kwamba mtoto, kwake, hana maisha yaliyo yake. Mtoto ni kioo. Kikimwonyesha mzazi sura anayoipenda, hupanguswa na kusifiwa. Kikimwonyesha sura nyingine, huvunjwa.

Mfano wa kioo si mgeni katika fasihi ya dunia. Mshairi wa Kirumi Ovid alisimulia, katika Metamorphoses, habari za kijana Narcissus aliyeipenda sura yake mwenyewe ndani ya maji hadi akafa kando yake. Sigmund Freud, katika insha yake ya 1914 kuhusu hali hiyo ya kujipenda, alidai kwamba hata mapenzi ya kawaida ya wazazi kwa watoto wao yana chembe ya kujipenda kulikofufuka: mzazi humtarajia mtoto atimize yale yaliyomshinda yeye. Alice Miller, katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1979, aliligeuza swali hilo na kumtazama mtoto. Alieleza jinsi mtoto mwepesi wa kuhisi anavyojifunza mapema kuyasoma mahitaji ya mzazi na kuyatimiza, huku akizizika hisia zake mwenyewe hadi asijue tena kwamba aliwahi kuwa nazo.

Hapa ndipo sauti hupazwa kwamba nadharia hizi ni za Vienna na Zürich, na kwamba hazina haki ya kuingia Namagondo au Sokomoko. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama Kiswahili kisingekuwa na maneno ya kulieleza jambo lenyewe. Kinayo. Neno radhi peke yake lina nadharia nzima ndani yake. Mzazi huwa na radhi. Huitoa au huizuia. Na mtoto aliyekosa radhi huaminiwa kwamba hatafanikiwa hata akivuka bahari. Katika mikono ya mzazi mwadilifu, radhi ni baraka ya kumwaga mtoto aende zake. Katika mikono ya mzazi anayejiabudu, radhi ni kamba. Mtoto huambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba kila hatua anayopiga kuelekea maisha yake mwenyewe ni hatua ya kuikosa radhi. Jamii ya Waswahili haikuhitaji kumngojea Freud ili kuijua hofu hiyo.

Tofauti baina ya mzazi mkali na mzazi anayejiabudu huonekana vizuri zaidi katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Utendi huu umekosolewa mara nyingi, na kwa haki, kwa jinsi unavyomfunza binti utiifu kwa mume, na kwa kuiweka radhi ya mume pamoja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Lakini kuna jambo ambalo ukosoaji huo hulipita. Mwana Kupona aliutunga akiwa mgonjwa, akijua kwamba siku zake ni chache. Hakuishi zaidi ya miaka michache baadaye. Kila agizo analompa bintiye ni la maisha ambayo yeye mwenyewe hatakuwamo. Mama huyu, pamoja na ukali wa mafunzo yake, anaweza kuiwaza dunia ambayo binti yake anaishi na yeye hayupo, na anajishughulisha na dunia hiyo. Mzazi anayejiabudu hawezi. Kwake, dunia isiyokuwa na yeye si dunia, na mtoto anayeweza kuishi bila yeye ni msaliti. Basi mtu anaweza kuyakataa mafunzo ya Mwana Kupona yote na bado akakiri kwamba yameelekezwa kwa mtu mwingine aliye hai. Maneno ya Zakaria kwa Rosa hayaelekezwi kwa mtu.

Rosa na Maimuna: dhidi ya nadharia ya bwawa

Rosa Mistika ndiyo riwaya iliyoteseka zaidi mikononi mwa wahakiki. Mara baada ya kuchapishwa ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili. Baadaye ilipokubaliwa, ilifundishwa kama onyo la kimaadili. Muhtasari wake wa kawaida hujulikana. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anamchunga binti yake Rosa asizungumze na wavulana, anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya Charles, Rosa anakwenda shule ya bweni akiwaogopa wanaume, uhuru unamlevya, anaangukia mikononi mwa mwanamume mmoja baada ya mwingine, mwishowe anajiua. Funzo hutolewa: ukali ukizidi, mtoto akifunguliwa hufurika. Hii ndiyo inayoweza kuitwa nadharia ya bwawa. Ukuta uliwekwa, maji yakajaa, ukuta ukapasuka, mafuriko yakaua.

Nadharia hii ina kasoro kubwa: inadhani kwamba nyuma ya ukuta kulikuwa na maji. Inamchukulia Rosa kama binti mwenye matamanio yake kamili, yaliyokuwa yakisubiri tu kufunguliwa. Riwaya haisemi hivyo. Rosa anayeonyeshwa baada ya kutoka nyumbani hatendi kama mtu aliyepata uhuru wa kutenda atakacho. Anatenda kama mtu asiyejua atakacho. Hulka yake hubadilika kulingana na anayemtazama. Nyumbani alikuwa bikira wa Zakaria, sifa ya baba mbele ya kijiji; hata jina la riwaya, ambalo ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki, linaizidisha kinaya ya pambo hilo analotwishwa. Nje anakuwa kile ambacho kila mwanamume anataka awe. Hakuna mpasuko baina ya hali hizi mbili, kuna mwendelezo. Aliyefunzwa tangu utotoni kwamba thamani yake imo machoni mwa mtu mwingine, akiondolewa macho hayo hutafuta mengine. Ametoka kwenye kioo kimoja akaingia kingine.

Tofauti ya usomaji huu na ule wa bwawa si ndogo. Nadharia ya bwawa, hata inapomlaumu Zakaria, inakubaliana naye katika jambo la msingi: kwamba ndani ya binti mna kitu cha hatari kinachohitaji ukuta, na kwamba kosa lake lilikuwa la ufundi tu, kuujenga ukuta mrefu mno. Kwa hiyo mhakiki na Zakaria wamesimama upande mmoja wa ukuta, wakibishana juu ya kimo chake.

Katika Utengano mambo ni yale yale katika nyumba ya kitajiri. Maksuudi anamfungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna, kwa jina la heshima na dini, huku mwenyewe akimwendea Kazija. Wahakiki wameuona unafiki huo na wakauita unafiki wa kitabaka. Ni kweli, lakini unafiki ni neno dhaifu. Mnafiki anajua kwamba ana nyuso mbili. Maksuudi haonekani kusumbuliwa na tofauti iliyopo baina ya anavyoishi na anavyowalazimisha wengine waishi, kwa sababu kwake hao wengine si watu wa kulinganishwa naye. Utawa wa Maimuna ni mali ya Maksuudi kama vile jumba lake na jina lake katika siasa. Binti huyo anapotoroka na kufika katika danguro la Mama Jeni, wasomaji wengi huona ameanguka kutoka juu hadi chini. Lakini itazamwe hali yenyewe. Katika nyumba ya kwanza alikuwa kitu kilichofichwa ili thamani yake ipande. Katika nyumba ya pili ni kitu kinachoonyeshwa ili thamani yake itolewe. Katika nyumba zote mbili kuna mwenye kitu, na huyo si Maimuna. Jina la riwaya limefasiriwa mno kama utengano wa tabaka na tabaka, au wa mwanamke na jamii. Utengano mchungu zaidi ni ule wa Maimuna na Maimuna.

Majina mawili ya ugonjwa mmoja

Kidagaa Kimemwozea, iliyosomwa na mamia ya maelfu ya wanafunzi wa shule za upili za Kenya katika muongo wa 2010, imewapa wahakiki nafasi nyingine ya kulikwepa jambo hili. Walibora aliwapa ndugu wawili majina mawili: Nasaba Bora na Majisifu. Kwa kawaida majina haya hushughulikiwa katika sehemu ya mbinu za lugha, chini ya kichwa cha majazi, kisha mwanafunzi huendelea na kichwa kinachofuata. Ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi istilahi inavyoweza kuyafumba macho. Mwandishi ameuandika ugonjwa wenyewe juu ya vipaji vya nyuso za ndugu hawa: mmoja anaiabudu asili yake, mwingine anajisifu. Kisha ameonyesha nini huwapata watoto wao.

Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wana watoto wenye ulemavu, nao wanawaonea aibu. Aibu hiyo ndiyo kiini. Mzazi anayempenda mtoto mwenye ulemavu humwonea uchungu, humhangaikia, huchoka, hata hukata tamaa. Lakini aibu ni hisia ya mtu anayejitazama mwenyewe kupitia macho ya majirani. Watoto wa Majisifu ni kioo kilichokataa kumwonyesha baba sura aitakayo. Na mtu huyo huyo ndiye aliyeiiba kazi ya Amani na kuichapisha kwa jina lake. Uhakiki umeyatenga matendo haya mawili: moja limewekwa katika maudhui ya malezi, jingine katika maudhui ya ufisadi wa wasomi. Lakini ni tendo moja. Anayewakana watoto aliowazaa kwa kuwa hawampambi, ndiye anayejitwalia kazi asiyoizaa kwa kuwa inampamba.

Upande wa Mtemi, mwana wake Madhubuti anakataa kazi aliyotafutiwa kwa njia ya mlango wa nyuma. Wahakiki humsifu kama kijana wa kizazi kipya anayepinga ufisadi. Sifa hiyo anaistahili, ila haitoshi, kwa kuwa inaidogosha gharama ya tendo lake. Zawadi ya mzazi anayejiabudu ni ngumu kukataliwa kuliko fimbo yake. Aliyepigwa anaweza kusema amedhulumiwa, na jamii pengine itamsikia. Aliyepewa, akikataa, huitwa mkosa shukrani, na hapo ndipo suala la radhi linapoingia. Madhubuti hakatai rushwa tu. Anakataa kuwa mwendelezo wa Nasaba Bora. Ni mmoja kati ya watoto wachache katika riwaya ya Kiswahili wanaomwambia mzazi wa namna hii hapana na kubaki hai, na ingefaa uhakiki uulize ni kitu gani kilichomwezesha. Jibu moja limo katika msuko wenyewe: alikuwa amekaa mbali, masomoni ng'ambo, kwa muda wa kutosha kujiona kwa macho yasiyo ya baba yake.

Nani anayesema?

Kuna ukimya mmoja ambao hauwezi kulaumiwa kwa wahakiki peke yao. Rosa hasimulii riwaya yake, wala Maimuna yake. Msimulizi wa nafsi ya tatu huwazungukia, huwahurumia, wakati mwingine huwakaripia. Siku Njema (1996) ya Walibora ilimpa mtoto kinywa chake mwenyewe, lakini Kongowea anamtafuta baba asiyekuwapo. Mtoto aliyelelewa na baba aliyepo kupita kiasi bado hajapewa nafasi kama hiyo katika riwaya zinazosomwa sana. Methali zinazonukuliwa juu ya malezi nazo huzungumza na mzazi: mkunje, usichelee, umleavyo. Mtoto ni mtendwa wa kitenzi.

Inachoweza kufanya nafsi ya kwanza inaonekana katika Purple Hibiscus (2003) ya Chimamanda Ngozi Adichie. Kambili anamsimulia baba yake Eugene, mfadhili mkubwa, mtu wa kanisa, mwenye gazeti linalothubutu kuikosoa serikali ya kijeshi, na mtesaji wa mkewe na wanawe. Kambili anaposhika nafasi ya pili darasani, baba anamwamuru ajitazame katika kioo kidogo na kumwuliza aliyemshinda ana vichwa vingapi. La kutisha si swali hilo. La kutisha ni kwamba Kambili anampenda baba huyo kwa dhati, na kwamba ndugu yake anaposema neno la kumfurahisha baba, yeye hutamani angelisema mwenyewe. Msimulizi wa nafsi ya tatu angeweza kuuonyesha ukatili. Ni mtoto tu anayeweza kuionyesha njaa ya kusifiwa na mkatili.

Franz Kafka alijua jambo hilo na akalifikisha mbali zaidi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 36, alimwandikia baba yake barua ndefu ambayo haikumfikia kamwe. Karibu na mwisho wa barua hiyo ya mashtaka anamtungia baba jibu la utetezi, tena jibu kali. Hata katika karatasi ambayo ilikuwa yake peke yake, mwana hakuweza kumnyima baba neno. Msomaji anayeijua barua hiyo hatamwuliza tena Rosa kwa nini hakusema.

Pingamizi la jamii

Itasemwa kwamba haya yote yanamrudisha msomaji kwenye ubinafsi wa kibepari, kwamba yanaacha kuchunguza mfumo na kuanza kuchunguza vidonda vya mtu mmoja mmoja. Tapo la uhakiki wa kijamii lililotawala kuanzia miaka ya 1970 liliifanyia fasihi ya Kiswahili kazi kubwa, na pingamizi lake linastahili jibu.

Jibu ni kwamba tapo hilo limeichukua nyumba kama mfano wa dola, bila kuuliza dola ilijifunza wapi. Nasaba Bora hautawali mji kwa namna moja na nyumba yake kwa namna nyingine. Anayehitaji kuona sura yake katika kila kioo huanza na vioo vilivyo karibu. Kiongozi anayetaka picha yake ukutani mwa kila duka, nyimbo za kumsifu kila hafla, na anayeona upinzani wowote kuwa utovu wa shukrani, hujiita baba wa taifa. Na raia huambiwa ni watoto. Istiari hiyo haikutungwa na wahakiki. Ilitungwa na watawala, na ilikubalika kwa urahisi kwa sababu wasikilizaji walikwisha kufunzwa nyumbani maana ya kuikosa radhi. Kwa hiyo anayemsoma Rosa kama mtoto hajaiacha siasa. Anaifuata hadi kwenye chimbuko lake. Anayemsoma kama ishara tu ndiye anayeiacha, kwa kuwa ishara haina utoto.

Hitimisho

Suala hili si la mitindo ya nadharia. Kila mwaka, katika kumbi za mihadhara ambamo riwaya hizi hufundishwa, huketi vijana waliolelewa na akina Zakaria, Maksuudi na Majisifu, na na akina mama wa namna hiyo pia, ambao fasihi yenyewe, kwa kumtukuza mama, bado inasita kuwasawiri. Vijana hao hufungua kitabu na kukuta humo kitu wanachokijua kuliko mhadhiri. Kisha hufunzwa kuandika kwamba ni ishara ya ubepari, au kwamba ni malezi mabaya yaliyozaa tabia mbaya, na hupewa alama kwa kuandika hivyo. Wamefunzwa kwa mara ya pili kwamba wanachokiona sicho, na kwamba jibu sahihi ni lile linalompendeza aliye mbele yao. Hilo ndilo somo walilolipata nyumbani.

Uhakiki unaoheshimu riwaya hizi utaanza mahali riwaya zenyewe zinapoanza, kwa mtoto aliyesimama mbele ya mzazi akijaribu kusoma usoni mwake anatakiwa awe nani leo. Tabaka, dini, jinsia na dola vyote vimo chumbani humo na vitajadiliwa kwa zamu yao. Lakini mtoto asikilizwe kwanza.